Nina milioni moja na laki mbili za kikoba: nilipie kozi ya tovuti, nihamie Dar au nibaki steshenari?

Shikamoo mshauri,

Nina miaka 24, ninaishi Buzuruga hapa Mwanza kwa mjomba wangu, mdogo wake mama. Nilisoma stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu. Kazi ya fani hiyo haikupatikana, mjomba akaniweka kwenye steshenari yake. Nafungua saa mbili asubuhi na kufunga saa mbili usiku, Jumatatu hadi Jumamosi. Natoa kopi, nachapa barua na wasifu wa waombaji kazi, nawajazia watu fomu za mtandaoni. Mjomba ananilipa 150,000 kwa mwezi, na kula na kulala ni kwake.

Tangu mwaka jana najifunza kutengeneza tovuti, ule upande wa mbele ambao mtu anauona na kuubonyeza. Usiku nikishamaliza kazi za nyumbani nafungua laptopu, nafuatisha video hadi bando liishe au umeme ukatike. Nimetengeneza kikokotoo, ukurasa wa hali ya hewa, duka la viatu. Vyote vinafanya kazi. Tatizo ni kwamba nikifunga video na kufungua faili tupu, mikono inaganda. Sijui hata mstari wa kwanza uwe upi.

Nilianza React, zana ya kujengea kurasa za tovuti, kwa sababu kila tangazo la kazi linaitaka. Somo la kwanza tu, amri aliyoiandika mwalimu iliniletea onyo kwamba imeachwa. Nikaona labda nimechelewa. Matangazo yenyewe yanataka uzoefu wa miaka miwili, mengine shahada ya sayansi ya kompyuta. Nimetuma maombi, hakuna aliyejibu. Laptopu yangu nayo ina RAM ya GB 4 na diski ya zamani ya kuzunguka. Nikifungua kivinjari na VS Code, programu ya kuandikia misimbo, kwa pamoja inakwama.

Nimejiwekea 1,200,000 kwenye kikoba na zamu yangu imefika. Kuna chuo hapa mjini kinatoa kozi ya miezi mitatu kwa 900,000, na cheti unapata. Kaka yangu aliyepo Mbagala ananiambia nisipoteze hela, niende nikakae kwake miezi mitatu nitafute, kwa sababu kazi za kompyuta ziko Dar. Mama yupo Sengerema, anasema nisimwache mjomba: "Ukishindwa huko, nani atakushika mkono?" Rafiki yangu naye anacheka, anasema siku hizi kompyuta inajiandikia yenyewe, nitafute kitu kingine.

Mjomba sijamwambia lolote. Anadhani usiku nachati tu. Naogopa ataona sina shukrani. Nifanyeje?

Msomaji, Buzuruga

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Asante kwa kuandika kwa kina, maana bila maelezo ya hiyo laptopu na hizo video ningekujibu juu juu.

Nikikuelewa vizuri, una fedha moja na majibu manne tofauti juu yake, na kila jibu lina mapenzi ndani yake. Kozi, Dar, steshenari, au uache kabisa. Lakini kuna sentensi uliyoipita haraka ambayo ningependa tuanze nayo: kwamba ukifunga video, mikono inaganda. Hilo ukilibeba litakwenda nawe Mbagala, na litaingia nawe kwenye chumba cha kozi. Chochote utakachoamua kuhusu fedha, linataka kushughulikiwa.

Usilichukue kama dalili kwamba huna akili ya kazi hii. Anayefuatisha video anapata mazoezi ya kusoma na kuandika misimbo, lakini maamuzi yote ameshayafanya mwalimu: kipi kikae juu, kipi kiwe ndani ya kipi, nini kitokee mtu akibonyeza. Kuamua ndiko hujawahi kufanya. Kunajifunzwa kwa kuamua vitu vidogo, na wewe una bahati ya kushinda kaunta ambako watu wanakuuliza maswali yaleyale kutwa nzima.

Chukua karatasi uchore mstatili wenye umbo la simu. Andika ndani yake mambo ambayo mteja wa steshenari huuliza: kopi shilingi ngapi, mnafunga saa ngapi, mpo wapi, picha za pasipoti mnapiga, nije na nini. Huo ndio ukurasa wako. Fungua faili tupu uandike HTML peke yake, lugha inayopanga yaliyomo kwenye ukurasa, bila rangi: kichwa kimoja cha "h1", jedwali la bei, anwani, fomu fupi yenye "label" kwa kila kisanduku. Ufungue kwenye kivinjari hivyohivyo ulivyo mtupu. Kama unasomeka kuanzia juu hadi chini na kueleweka, msingi umekaa. Hapo ndipo CSS, lugha ya rangi na mpangilio, inaingia, na uianze kwa skrini ya upana wa pikseli 360, ambao ni wa simu nyingi za wateja wako, kisha ndiyo upanue kwa kompyuta. Usisahau ule mstari wa "viewport" kwenye "head". Ukikosekana, simu huchora ukurasa kana kwamba skrini ina upana wa pikseli 980 kisha inaubana, na mtu anaona maandishi madogo kama sisimizi.

Baadaye weka JavaScript, lugha inayoufanya ukurasa utende kitu, kwa jambo moja tu: mteja aandike idadi ya kurasa na idadi ya nakala, achague kama anataka kufungiwa kitabu, apate gharama. Inaonekana rahisi, na hapo ndipo utajifunza kuliko video zote. Utajumlisha gharama ya kopi 500 na ya kufungia 2,000 upate 5002000, kwa sababu thamani inayotoka kwenye kisanduku cha fomu ni maandishi, na alama ya kujumlisha huyaunganisha maandishi badala ya kuyahesabu. Itabidi uyageuze kwanza kwa "Number". Utashangaa pia kwamba ukizidisha hakuna kosa linaloonekana, kwa kuwa alama ya kuzidisha huyageuza yenyewe. Mtu aliyelihangaikia kosa hilo mwenyewe hulitambua maisha yake yote. Aliyeonyeshwa kwenye video hulisahau jioni ileile.

Video usizitupe, zibadilishie kazi. Ukikwama, kwanza fungua konsoli ya kivinjari, sehemu inayoonyesha makosa, usome mstari mwekundu wa kwanza, ule wenye jina la faili na namba ya mstari. Ukishindwa, tafuta swali moja mahususi, soma jibu, lifunge, kisha uandike kwa mkono wako. Kwa ajili ya bando, tovuti ya DevDocs hukuruhusu kuhifadhi maelezo ya HTML, CSS na JavaScript ndani ya kivinjari na kuyasoma bila intaneti. Kwenye Windows pia utie alama kwamba mtandao wako ni wa kulipia kwa kiasi ("metered connection"), ili masasisho yasilimalize bando usiku mmoja. Washa pia kuhifadhi kwa moja kwa moja ("Auto Save") ndani ya VS Code, umeme ukikatika usianze upya.

Ukurasa ukikamilika, uweke hewani. GitHub Pages, huduma ya kuweka kurasa mtandaoni, haina gharama, ila ina mitego ambayo karibu kila anayeanza huingia. Ukurasa wa mwanzo lazima uitwe index.html. Picha uliyoiita Duka.JPG kisha ukaiandika duka.jpg itaonekana kwenye laptopu yako, kwa sababu Windows haijali herufi kubwa na ndogo, na itapotea hewani kwa sababu seva inajali. Anwani ya faili inayoanza na mkwaju (/) nayo hupotea, kwani mradi wako hukaa ndani ya folda yenye jina lake na mkwaju huo huelekeza nje ya folda. Picha zenyewe zipunguze. Picha ya simu huweza kuwa na megabaiti 3 au 4, na kwa ukurasa wa simu upana wa pikseli 800 na chini ya kilobaiti 150 unatosha kabisa. Andika upana na kimo cha kila picha kwenye HTML ili maandishi yasiruke wakati picha inashuka. Kisha tumia kipimo cha mtandao wa polepole ndani ya zana za Chrome uone anachosubiri mtu wa Ukerewe mwenye mtandao dhaifu.

Nimekaa sana hapa kwa makusudi, mwanangu. Hiyo ni kazi ya usiku na Jumapili zako, haihitaji shilingi moja ya kikoba, na ikiisha utazitazama zile njia nyingine ukiwa na kitu mkononi.

Sasa React. Lile onyo si lako. Chombo cha zamani cha kuanzishia miradi, Create React App, kilitangazwa rasmi kuachwa mwezi Februari 2025, na video nyingi zilirekodiwa kabla ya hapo. Kwa anayejifunza leo, Vite, chombo kingine cha kazi hiyohiyo, ni njia nyepesi ya kuanzia. Kama upo tayari ni swali jingine, na unaweza kujipima. Unaweza, bila kutazama popote, kuchukua orodha ya bidhaa na kuonyesha zile tu zenye neno alilotafuta mteja, kwa "filter" na "map"? Unaweza kuvuta data kwa "fetch" na kumwonyesha mtu ujumbe unaoeleweka mtandao ukikataa? Ukiweza, ingia. Usipoweza, React itakuchanganyia makosa ya aina mbili usijue lipi ni la nani. Kwa mfano, utaongeza kitu kwenye orodha kwa "push" na skrini isibadilike. Orodha ni ileile machoni pa React, kwa hiyo haioni sababu ya kuchora upya. Inataka orodha mpya. Anayezijua orodha za JavaScript hulielewa hilo mara moja. Kusubiri nako kuna gharama, sikufichi, maana matangazo mengi kweli yanaitaja React na kila mwezi unaoiahirisha ni mwezi unaoyaruka.

Kuhusu matangazo yenyewe, umeyasoma yote kama mlango wa aina moja. Yapo ya ofisi ambazo shahada ni sharti, na huko hata ukurasa mzuri namna gani hautakuvusha. Lakini kampuni ndogo zinazotengenezea watu tovuti mara nyingi huandika "miaka miwili" kama matamanio, kisha hufungua linki ulizotuma. Hukuniambia ulituma nini. Kama ni wasifu ulioorodhesha HTML, CSS, JavaScript bila kazi hata moja inayofunguka, ukimya ule haujakuambia chochote kuhusu uwezo wako. Na kama ulituma ukurasa wa hali ya hewa, jua kwamba anayeajiri ameshauona kutoka kwa waombaji wengine wengi waliofuatisha video ileile. Kazi mbili au tatu za kwako mwenyewe, kila moja ikiwa hewani, yenye faili la maelezo linalosema inafanya nini na inaendeshwaje, zina uzito zaidi. Folda ya node_modules, ile ya vifurushi vinavyopakuliwa na mradi, usiipandishe GitHub. Iandike ndani ya .gitignore, kwani kuipandisha ndicho kitu cha kwanza kinachomwambia mkaguzi kwamba Git, chombo cha kutunza historia ya misimbo, hujaizoea.

Rafiki yako anayesema kompyuta inajiandikia ana sehemu ya ukweli. Programu za akili unde zinatoa ukurasa wa kawaida kwa dakika, na vikazi vidogo ambavyo anayeanza alikuwa akivitegemea vimeguswa. Ila kwenye usaili utapewa ukurasa ulioharibika uutengeneze, au uulizwe kwa nini umeandika mstari fulani hivyo. Ukizitumia, ziulize "kwa nini hii haifanyi kazi", usiziambie "niandikie". Kwa anayeganda mbele ya faili tupu, kuandikiwa ni video nyingine tu.

Tuzungumze fedha. Kozi inaweza kukupa kitu ambacho huna: mtu wa kusoma misimbo yako na kukuambia hapa umekosea kwa sababu hii. Hicho kina thamani kuliko cheti. Lakini piga hesabu yote. Kama vipindi ni mchana, utaacha kazi ya mjomba, na miezi mitatu ya 150,000 ni 450,000. Kozi ya 900,000 imekuwa 1,350,000, ambayo imezidi akiba yako yote. Uliza kama kuna vipindi vya Jumapili au vya baada ya saa mbili usiku, na kama unaweza kulipa kwa mwezi. Uliza kama chuo kimesajiliwa na NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi. Omba mtaala uone kama una Git, kurasa za simu, JavaScript yenyewe na kuvuta data kutoka seva, au kama umejaa nadharia ya historia ya intaneti. Omba linki za kazi za wanafunzi waliotoka uzifungue kwenye simu yako. Omba kukaa darasani siku moja kabla ya kulipa. Wakikunyima haya, utakuwa umejua jambo bila kutoa senti.

Kaka yako hajakosea: kampuni ni nyingi zaidi Dar. Swali ni kama ni lazima uwe Dar ili waanze kukutazama. Maombi hutumwa kwa barua pepe, na jaribio la kwanza mara nyingi hufanyiwa nyumbani kwa mwombaji. Unaweza kutuma ukiwa Buzuruga na kupanda basi ukiitwa. Ukienda kwanza, ile miezi mitatu itaanza kuhesabiwa siku unayoshuka, kukiwa na chakula, nauli za ndani na bando, na bila ile 150,000. Ikiisha kabla ya kazi kupatikana, kupanga chumba kwa kawaida hudai kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo. Upande wa pili, Mwanza unajifunza peke yako usiku, na upweke huo umewakatisha tamaa wengi wenye uwezo. Ukibaki, itabidi uwatafute wanaojifunza kama wewe, angalau wawili wa kuonyeshana kazi kila wiki. Miongoni mwa wanafunzi wa vyuo vya hapa jijini huwezi kuwakosa.

Kuna matumizi mengine ambayo hukuyaweka kwenye orodha: hiyo laptopu. Diski ya SSD, ile isiyozunguka, ya GB 240 na RAM kufika GB 8 hubadilisha mashine kama yako kabisa, kwa fedha ndogo sana ukilinganisha na kozi. Kabla ya kununua, fungua Task Manager, sehemu ya Memory, uone nafasi ngapi za RAM zimetumika, na umuulize fundi kama ni ya aina ya DDR3 au DDR4, kwani haziingiliani. Laptopu nyingine RAM yake imechomelewa kwenye ubao na haiongezeki. Betri nayo iulizie hapohapo. Hata ukienda Dar au ukilipia kozi, utafanya kazi kwenye mashine hiyohiyo.

Kisha kuna mjomba, na nadhani hapa moyo wako ndipo unapoumia zaidi. Umechukulia kwamba akijua ataona huna shukrani. Huenda. Lakini anachokiona sasa ni mpwa anayekesha na simu, na hilo halimpi picha bora kuliko ukweli. Ukimpelekea habari ukiwa na ukurasa wa duka lake unaofunguka kwenye simu yake, mazungumzo huanzia mahali pengine kabisa. Mweleze linki ya WhatsApp inavyofanya kazi: "wa.me" ikifuatiwa na namba inayoanza na 255 badala ya sifuri, bila alama ya kujumlisha, na mteja anatuma faili la kuchapwa kabla hajafika. Mwombe kitu kidogo, labda saa moja ile ya mchana wateja wanapopungua. Anaweza kukataa. Anaweza pia kuanza kutafuta mtu mwingine wa kaunta mapema, na hiyo ni hatari ya kweli ambayo ni wewe unayemjua unayeweza kuipima. Kama ni mtu mgumu, wapo wanaopitia kwa mama kwanza, na mama yako anaonekana anaogopa uanguke zaidi kuliko anavyoogopa uondoke.

Jambo moja usilivuke kamwe: nyaraka za wateja wa steshenari, wasifu wao, vyeti, namba za simu, usizitumie kama mifano kwenye kurasa zako. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, wale watu walikuamini. Tunga majina na namba za uongo.

Mjomba akiridhika, jirani atauliza. Mwenye nyumba ya wageni, mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni. Kabla ya kuanza, andikianeni kurasa ngapi, marekebisho mara ngapi, nusu ya malipo mbele, na domeni (anwani ya tovuti) ya .co.tz isajiliwe kwa jina la mwenye biashara, naye ajue kwamba hulipiwa kila mwaka. Wengi hugombana kwenye hilo la mwisho tovuti inapozimika. Kazi hizo zinalipa kidogo na wateja wake wana maneno mengi, lakini ni uzoefu unaoweza kuuandika kwenye maombi bila kudanganya.

Sitakuambia nenda wala baki. Zamu ya kikoba ikishaingia mkononi hakuna anayekulazimisha kuitumia mwezi huohuo, na si kaka wala chuo kitakachohama. Ukurasa wa steshenari ukiwa hewani, tutumie anwani yake hapa. Tutaufungua kwenye simu ya kawaida, kwa mtandao wa kawaida, na kukuandikia panapokwama na kwa nini.